Sufuria ya Mama

Likizo ilipoisha, mama alinikaangia kuku mzima, nimle nikifika masomoni Bunia. Ninalala kwa baba mdogo, mtaani Saio. Mke wake akanipokea sufuria ya kuku mlangoni. “Mutoto hafungue muzigo ya safari,” akasema. “Anaipatia wakubwa.” Ndiyo desturi yetu, nikaachia.

Jioni wageni wake wakamla kuku wangu sebuleni. Mimi nikapewa bugali na sombe ya majani ya muhogo jikoni, huku nikiwasikia wakisifu mkono wa mama yangu. Nilitaka kuwanyang’anya sahani. Mama akapiga simu: “Ulikula kuku?” Nikasema ndiyo, na uongo huo unaniuma mpaka leo.

Asubuhi mke wa baba mdogo akanirudishia sufuria. Desturi hiyohiyo inasema chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata chumvi kidogo unatia. Nikafunua. Hata kuiosha hakuiosha.