Supu ya Mizizi Nyuma ya Guangyuan Xilu

Harufu ilikuwa ya tui la nazi, na nazi haikuwepo. Nilikizunguka kile kibanda cha chakula, nikachungulia nyuma ya masufuria nikitafuta angalau kifuu, nisione kitu. Tulikuwa Guangzhou, kwenye uchochoro ulio nyuma ya maduka ya nguo za jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu, mahali ambapo wabeba mizigo waliegesha mikokoteni yao mchana wakala. Baadaye ndipo nilipojua kwamba harufu ile ilitoka kwenye mizizi ya mti wa porini, iliyochemshwa tangu asubuhi pamoja na mifupa na maganda makavu ya machenza. Mimi, mtoto wa Muheza niliyekulia kwenye nazi, nilidanganywa na mzizi. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuja pale nimejiandaa kula.

Kula ndiyo kazi niliyojipangia likizo ile. Mama alikuwa akiishi Guangzhou, akiwanunulia nguo wenye maduka wa Tanga. Aliondoka nyumbani nikiwa bado nabebwa mgongoni, nikalelewa na bibi. Sasa alikuwa amenileta kwa majaribio. "Ukizoea, nitakutafutia shule hapa hapa," aliniambia. "Ukianza kuumwaumwa na kukataa chakula, unarudi kwa bibi yako. Siwezi kuuguza mtoto huku natafuta mzigo." Bibi nilimpenda sana, lakini nilimtaka mama yangu, na sikuwa tayari kunyimwa mama kwa sababu ya sahani ya chakula. Yeye mwenyewe miaka yote hiyo alikula ugali wa jirani yake Mkongo tu. Kwenye vibanda alipita amekunja uso, akisema hakuja China kulishwa majani.

Hata hivyo, kila alipoingia madukani aliniacha kwa mama ntilie wa uchochoro ule, ambaye wote tulimwita Ayi, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Mama alimwamini Ayi kwa mtoto, si kwa chakula, kwa hiyo aliniachia mkate. Mkate niliutia mfukoni. Nilianza na tambi, zile nyembamba za njano zinazoteleza kwenye vijiti kama zina ugomvi na mtu. Wabeba mizigo walizivuta kwa mlio mkubwa, mlio ambao kwa bibi ungeniletea kofi, nami nikavuta kwa mlio uleule na kujiona mtu mzima. Nikaja kwenye supu za dawa. Kulikuwa na nyeusi ya majani, chungu kuliko mwarobaini, ambayo Ayi aliitoa pamoja na pipi. Wanaume wazima waliinywa wamefumba macho. Mimi niliinywa macho wazi, na pipi nikaila baada ya kumaliza.

Siku ya supu ya mizizi, malezi yangu ndiyo yaliyoniponza. Kwa bibi, mtoto aliyebakiza chakula alikuwa amemtukana aliyekipika. Nilikunywa mchuzi wote, kisha nikaanza kutafuna mizizi. Ilikuwa migumu kama kamba ya katani, lakini nilitafuna na kumeza nyuzi zake mpaka bakuli likang'aa. Ayi alilitazama lile bakuli tupu, akanionea huruma na kulijaza tena. Kumbe kwao bakuli tupu la mgeni lina maana kwamba hajashiba. Nikamaliza tena, akajaza tena. Nilidhani ananipima, na mtihani ule nilikuwa nimeapa kufaulu. Wabeba mizigo waliacha vijiti vyao wakanitazama. Mmoja alinionyesha kwa ishara niteme, nami nikamwonyesha kwa ishara kwamba naweza.

Mama alitokea nyuma ya mkokoteni wa marobota akanikuta nimejikunja, nimeshika tumbo. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, ghali, punguza, hakuna, na hakikuwa na neno lolote la tumbo, hivyo alimgombeza Ayi kwa Kiswahili. "Umemlisha nini mtoto wangu?" Ayi alipakua bakuli jingine, akatoa mizizi kwa vijiti, mmoja mmoja, akaiweka juu ya meza, kisha akanywa mchuzi. Mama aliitazama ile mizizi mezani, akalitazama bakuli langu lisilo na hata unyuzi.

"Eliza, yote umemeza?"

"Ndiyo, Mama."

"Hukuona wenzako wanatoa?"

"Niliona."

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Ili usinirudishe kwa bibi," nikasema. "Mimi siumwi, Mama. Nimeshiba tu."

Nilikuwa naumwa, na alijua. Mzigo wake ulikuwa ukimsubiri na msukuma mkokoteni alikuwa akimwita laoban, laoban, bosi twende. Yeye akavuta kigoda cha plastiki, akaketi karibu yangu, akamwashiria Ayi ampakulie na yeye. Alikunywa supu ile taratibu, uso umekunjamana, hakuiacha. Wiki iliyofuata alinipeleka kuandikishwa shule.

Leo mimi ndiye ninayeishi Guangzhou na Mama amerudi Muheza kupumzika. Uchochoro umewekwa marumaru, vibanda vimekuwa vyumba vya vioo, na supu unaiagiza kwa simu kabla hujaketi. Nimekula mengi tangu wakati ule na bado sijaona mtu wa kunishinda mezani. Mwanangu hakunirithi kwa hilo. Jumamosi iliyopita nilimpeleka tukanywe supu ileile, akaonja kijiko kimoja, akasukuma bakuli pembeni. "Sitaki, Mama," akasema, akaegemea bega langu na kuendelea kuchezea vijiti, bila kunitazama kuona kama nimekasirika.