Mkata Miwa Aliyeondolewa

Nimewahi kuajiriwa kufanya kazi ya kipumbavu, na niliifanya kwa bidii. Ilikuwa Awendo, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la mbolea, na kazi yenyewe ilikuwa kuwachosha wakata miwa ili tuone misuli yao inavyoumia.

Profesa wetu alikuja na sanduku la mbao, fulana iliyoshonewa vyuma, na swali aliloliona zito sana. Kila mtu anayeishi kwenye vilima anajua kwamba kuteremka huyaumiza mapaja kuliko kupanda. Profesa alitaka kujua huyaumiza kiasi gani. Basi mtu anavaa ile fulana, anashuka sandukuni kwa mguu mmoja, anapanda, anashuka tena, mpaka mapaja yatetemeke. Kabla ya hapo tunamtoa damu, na kesho yake tunamtoa tena, kwa sababu misuli ikichanika kuna kimeng'enya kinachovuja na kuingia kwenye damu. Kikiwa kingi, misuli imeumia. Sayansi yenyewe haikuwa na kosa. Wajinga tulikuwa sisi.

Mwili uliozoea hauumii sana, kwa hiyo utafiti ulihitaji watu wasiofanya mazoezi. Fomu iliuliza: Je, wewe hufanya mazoezi? Wakata miwa wote walijibu hapana. Kwao mazoezi ni ya wachezaji mpira; wao wanafanya kazi. Profesa akafurahi kupata wazembe wengi hivyo mahali pamoja. Nami, mzaliwa wa Homa Bay, niliyejua vizuri mtu anayeinama na panga tangu alfajiri hadi saa nane hufananaje, nikaandika "hafanyi mazoezi" fomu baada ya fomu bila hata kutabasamu. Nilikuwa nimevaa kitambulisho shingoni. Sijui kwa nini kitambulisho humfanya mtu asahau alikozaliwa.

Siku ya pili walirudi wakipiga mluzi. Mmoja aliuliza kama leo ndiyo tunaanza, maana jana alidhani tunajaribu sanduku tu. Kati yao wote, mmoja hakuja, naye alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Nilikuwa nimemwandikisha mwenyewe. Alikuwa amehamia Awendo miaka mingi nyuma kukata miwa, na profesa alipomwona alimzunguka kama mnunuzi wa ng'ombe kwenye soko la Ogwedhi, akiyasifu mashavu yake ya miguu. Yalikuwa makubwa kweli, magumu, hata sisi nyumbani tulimwonea wivu. Lakini tulimwita jaduong', yaani mzee, kwa sababu tangu ujana akikaa chini hainuki kama watu wengine. Hugeuka, huweka mikono chini, kisha hushika magoti, kisha mapaja, akijipanda mwenyewe mpaka asimame. Tulimcheka sana. Mama alisema ni uvivu wa ukoo wa kwao, kaka wa Mama naye alikuwa akiinuka vivyo hivyo.

Nilimfuata chumbani kwake nikamkuta kitandani. Miguu ilikataa kunyanyuka, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya strungi, isiyotiwa maziwa. Mimi, msaidizi wa utafiti wa misuli, niliutazama mkojo ule nikamwambia anywe maji mengi. Kisha nikarudi kazini, nisichelewe.

Majibu ya maabara yalipofika, damu za wenzake hazikuwa zimebadilika kitu. Ya mdogo wangu ilikuwa ya ajabu. Ile ya kwanza, iliyotolewa kabla hajaligusa sanduku, ilikuwa na kimeng'enya tele kuliko ya mtu yeyote baada ya sanduku. Profesa alivua miwani, akafikiri kwa muda wa kumeza mate, akapata jibu: huyu alifanya kazi ngumu kabla ya kuja, na masharti yalikuwa asishike panga wiki nzima. Kampuni ya sukari ilikuwa imefunga mitambo kwa matengenezo, ndiyo maana tulipata watu, lakini mimi nilijua kuna waliokuwa wakiwakatia miwa wenye viwanda vidogo vya sukari guru kichinichini. Nikamnong'oneza profesa habari hiyo. Nilijiona mwerevu kweli, mwenyeji mwenye siri za wenyeji.

Mdogo wangu akaitwa ukumbini wiki iliyofuata. Aliingia akiyumba.

"Mimi sijashika panga tangu kampuni ifunge, daktari," akasema.

"Damu yako inasema mengine," profesa akamjibu.

Akanigeukia mimi. "Omera, ndugu yangu, si uwaambie? Wewe unanijua. Mimi na sukari guru wapi na wapi?"

Nilimjua. Ni Msabato ambaye Ijumaa jua likikaribia kuzama huweka panga chini hata kama mstari umebaki miwa mitatu. Mtu anayeshika masharti ya Mungu namna hiyo hawezi kushindwa na ya profesa. Hayo yote niliyajua. Nikaivuta fomu yake, na kwenye nafasi ya sababu ya kuondolewa nikaandika kwa kalamu yangu ya bluu: si mkweli.

Kwa hiyo mtu pekee aliyeumizwa na sanduku letu ndiye tuliyemtupa nje. Profesa aliondoka Awendo na ugunduzi kwamba watu wasiofanya mazoezi hawaumii. Natumaini hakuna aliyeusoma.

Mdogo wangu aliendelea kukata miwa mpaka alipoanza kuanguka kwenye matuta. Hapo ndipo nikampeleka Homa Bay kwa mtaalamu wa viungo, binti mdogo kuliko sisi wote, asiye na sanduku wala fulana ya vyuma. Alikuwa na mkeka.

"Kaa chini, baba," alimwambia. "Haya, sasa simama."

Mdogo wangu akageuka, akaweka mikono chini, akashika magoti, akashika mapaja. Binti hakucheka. Aliyabonyeza yale mashavu ya miguu tuliyoyaonea wivu, akasema sehemu kubwa si misuli tena, ni mafuta na makovu. Akauliza kama mama yetu ana kaka mwenye miguu kama hiyo. Ni ugonjwa wa kurithi, akatueleza, misuli hukosa kinachoishikilia isichanike, hivyo huvuja hata mtu akiwa amepumzika. Dawa ya kuuondoa hakuna. Kushukashuka na mizigo humdhuru kuliko kazi nyingine zote.

"Amewahi kupimwa damu?" akaniuliza.

"Nimewahi," mdogo wangu akajibu. "Muulize huyu."

Nilimweleza yote, hata nilichoandika kwenye fomu, nikitazama mkeka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje, nikangoja anitukane. Hakuzungumzia miguu.

"Ile fomu bado iko?"

"Iko."

"Basi ifute. Watoto wangu wasije wakasoma kwamba baba yao ni mwongo."

Nilikwenda kuitafuta kwenye stoo ya chuo, nikaipata ndani ya boksi lililoanza kuliwa na mende. Sasa, sisi watu wa utafiti tuna kanuni yetu, nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni kazini: fomu haifutwi. Hupaki rangi nyeupe, huchani, hukwaruzi. Unapitisha mstari mmoja tu juu ya kosa, neno la zamani libaki likisomeka, kisha unatia sahihi na tarehe pembeni. Nikapitisha mstari juu ya "si mkweli". Nikatia sahihi. Nikaitazama fomu, na mwandiko wangu wa bluu ulikuwa pale pale, safi, kila herufi.

Jioni alinipigia simu kuuliza kama nimefuta. Nikamwambia nimefuta.