Geji Saba za Kigari

Kigari chenyewe kilikuwa na umri wa kutosha kuwa na wajukuu. Milango miwili, taa mbili za mviringo, na boneti fupi ambayo mtu mzima akiiinamia anaonekana kama anayeogesha mtoto. Fundi alikitoa kwa shemeji yake, kilikokaa miaka tisa nyuma ya ghala kikitagiwa mayai na kuku, akakivuta hadi uani kwake na kukifumua mpaka skrubu ya mwisho.

Kukifufua halikuwa jambo la ajabu, ndiyo kazi yake. Ajabu ilikuwa geji. Gari la aina hii huzaliwa na geji mbili, ya mwendo na ya mafuta, na hiyo ya mafuta husema uongo. Fundi aliongeza tano: ya joto la maji, ya presha ya oili, ya chaji ya betri, ya mizunguko ya injini, na moja ya kuonyesha kama injini inakula petroli kwa pupa. Jirani yake, mwalimu, alichungulia dirishani akauliza kama anataka kuruka nacho. Fundi akacheka. Swali lenyewe hakulipata. Alicheka kwa sababu mwalimu alikuwa anacheka.

Siri ilikuwa hapo. Kwa miaka thelathini na mitano fundi alikuwa mtu wa masikio. Gari likiingia gerejini na kelele isiyoeleweka, wenzake waliweka spana chini wakamwita, naye aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasema ni valvu ya tatu, na kweli ikawa ya tatu. Mafundi wa kutegemea geji aliwaita watalii. Kisha, mwaka juzi, sauti zilianza kumtoroka: kwanza ndege, halafu filimbi ya birika, halafu maneno ya watu waliompa kisogo. Hakumwambia mtu. Mwenye gereji akijua, angemhamishia getini akaandike namba za magari yanayoingia, na fundi alikwisha kujiona pale kwenye stuli na daftari lake. Aliogopa, tena sana.

Kwa mke wake, ambaye nyumba nzima humwita mama, alikuwa na mbinu. Akiulizwa kitu asichokisikia, aligeukia kazi yake kana kwamba ameshika jambo gumu. Mbinu ilifanya kazi kuliko alivyotarajia. Mama alikuwa mwongeaji tangu walipooana, lakini siku hizi alileta chai uani, akaiweka juu ya tairi, akaondoka kimya. Fundi alishukuru kwamba leo tena hakuna mtihani.

Kitu kimoja hakukitegemea kabisa, nacho ni kwamba angefurahia. Siku aliyowasha injini ile, aliweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu akashangaa jinsi chuma kinavyosema. Akajaribu vidole. Akajaribu kiwiko. Mwishowe akauma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye injini, na mtetemo ukampanda menoni hadi kichwani: silinda ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu safi, ya nne inachechemea. Alikaa hivyo nusu saa nzima, bisibisi mdomoni, akilegeza na kukaza skrubu ya kabureta robo kwa robo ili ajue nini kitabadilika. Mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyedhani amemaliza kuijua injini, alijikuta yuko darasa la kwanza, na akapapenda.

Jumamosi moja asubuhi alimaliza kufunga breki mpya za diski, akarudisha magurudumu ya mbele, akamwita mama wakakijaribu. Mama alibadilisha kitambaa cha kichwa kwa ajili ya safari. Barabara ilikuwa nyeupe, haina magari. Mishale ya geji zote saba ilikaa panapotakiwa, na fundi aliitazama kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi.

Mama akasema kitu. Fundi akamwonyesha geji ya oili. Mama akasema tena, kisha akamshika mkono, naye akageuka.

"Mzee, kuna kitu kinagonga."

Safari hii aliiona midomo. Akatazama geji, na hakuna hata moja iliyokuwa na habari. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Lakini mama alikuwa ameng'ang'ania mlango kwa mkono wa pili, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa.

"Kinagongaje?" aliuliza. "Nigongee hapa."

Akamnyooshea mkono. Mama alimtazama kidogo, kisha akaanza kumgonga kwa kidole juu ya kifundo. Fundi alipopunguza mwendo, kidole kikapoa. Alipoongeza, kidole kikakimbia. Akakanyaga klachi, injini ikatulia, lakini kidole kikaendelea vilevile. Basi si injini. Akasimama kando ya barabara haraka.

Lilikuwa gurudumu la mbele, upande wa mama. Nati mbili zilikwisha kudondoka, na mbili zilizobaki zilizungushika kwa vidole. Asubuhi alizipachika kwa mkono tu, akasema atarudi na spana, akaenda kutazama geji zake zinavyowaka. Sauti ile angeisikia hata fundi wa wiki mbili.

Fundi akaketi kwenye ukingo wa barabara. Mama akaketi kando yake.

"Mama, sisikii," alisema. "Mwaka wa pili huu. Ninapokugeuzia mgongo, ni kwamba sijasikia ulichosema."

Mama alikuwa anatazama mbele. Fundi aliona mabega yake yakishuka na shavu likitikisika, akajua anaongea, ila sauti haikumfikia. Akamgusa goti, akamwambia hajapata. Mama akageuka, akamshika uso kwa mikono miwili ili aione midomo vizuri.

"Nimesema, nilidhani umenichoka."