Karatasi ya Bima Niliyosema Nimeisoma

Naikumbuka Jumatatu moja, mwanangu, siku niliyokwenda kumuaga Mzee Nassor baada ya kuendesha lori lake kwa miaka tisa. Imenirudia akilini tangu juzi uliponiambia umepata lori la mtumba Dar es Salaam na unataka lifike huku Mafia kabla ya mvua. Uliniuliza bima ni kiasi gani. Ni swali zuri, ila silo la kwanza. Kaa nikueleze.

Mzee Nassor alikuwa mfanyabiashara wa nazi pale Kilindoni, mtu wa asili ya Omani upande wa babu yake, mpole, wa maneno machache. Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza na watu wamekatazwa kuchimba matumbawe ya kujengea. Kila aliyetaka nyumba alihitaji saruji na mchanga, na huko Utende hoteli zilikuwa zinapanda. Mwenye lori hakukosa kazi. Nikajiuliza, kwa nini nitafute riziki kwa usukani wa mwenzangu? Nikauza sehemu yangu ya minazi ya urithi, nikaongeza na akiba yangu yote, nikanunua lori dogo lililokwisha kula chumvi nyingi.

Yote, mwanangu. Sikubakiza hata ya tairi moja. Hilo nalo ni kosa, lakini si lile ninalotaka kukusimulia.

Mzee Nassor alinipokea barazani kwake. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za gari, breki zake, springi zake. Kisha akauliza, "Bima umekata ipi?"

"Bima ndogo, mzee wangu."

"Si vibaya. Lori kuukuu wengi hulikatia hiyo. Karatasi yake umeisoma?"

"Nimeisoma."

Akanitazama kidogo. "Umeielewa?"

"Nimeielewa, mzee."

Sikuwa nimeisoma. Karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne za maandishi madogo kama sisimizi, na mimi niliishia darasa la saba. Wakala alinionyesha pa kutia sahihi, nikatia, akanipa stika ya kubandika kiooni. Nikaona maadamu trafiki wakiiona stika wananiruhusu kupita, mambo yamekwisha. Na mbele ya mzee yule niliona haya kusema sijui, siku hiyohiyo ninayojitangaza kuwa nami ni mwenye gari. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu vizuri sana.

Miezi minane nilifanya kazi na mambo yakaenda. Asubuhi moja nilikuwa Kiegeani napakia nazi za kupeleka bandarini. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, barabara imelowa. Akaja Bi Mwanaidi, mama wa makamo aliyekuwa akisuka na kuuza mikeka, ninayemfahamu tangu utoto wangu. Binti yake alikuwa amejifungua hospitalini Kilindoni, naye alikuwa amebeba uji kwenye chupa ya chai. Basi dogo la asubuhi lilikuwa limekwisha kupita.

"Baba, nipatie nafasi," aliniambia.

Kiti cha mbele nilikuwa nimekijaza magunia, maana nilitaka mzigo wote uende kwa safari moja. Nikamtazama, nikatazama nazi. Nikasema, "Panda juu, mama, ukae na wapakiaji. Si mbali." Wapakiaji wawili, watu wazima, wakamshika mikono wakampandisha.

Hatukwenda mbali kweli. Penye kalvati ukingo wa barabara ulikuwa umeliwa na maji kwa chini, juu huoni kitu. Gurudumu la nyuma likazama. Lori halikuanguka kwa kishindo. Lililala taratibu, kama mtu anayejinyoosha, nazi zikaanza kumwagika. Wapakiaji wakaruka. Bi Mwanaidi hakuweza. Nilipotoka dirishani nilimkuta chini ya nazi, mguu wake umekaa upande usio wake, na hakulia. Aliniuliza kama chupa ya uji imevunjika.

Mfupa wa paja ulikuwa umekatika. Watu wa kijijini walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi likapatikana gari. Siku ya pili akapelekwa Dar es Salaam. Lori langu lilivunjika ekseli, fremu ikapinda.

Mwenyewe nilijipa moyo. Nilisema nina bima, bima italipa. Wakala alipokuja kutoka Dar akanisikiliza, akatikisa kichwa, akasema nisome mkataba wangu. Ndipo nilipoitoa ile karatasi kabatini nikaenda nayo kwa jirani yangu, Mwalimu Agripina. Alikuwa mtu wa Bukoba, akifundisha sekondari hapa, na nyumba zetu zilipakana ukuta kwa ukuta. Jioni nyingi alinipa ndizi, nami nikampa nazi.

Akavaa miwani, akasoma kimya, akarudia. "Hapa wameandika gari hili ni la mizigo," alisema. "Mtu aliyebebwa juu ya mzigo hawamtambui."

"Na lori lenyewe?"

"Halimo, kaka. Hii inalipa madhara unayomfanyia mtu mwingine njiani. Gari lako ukiliangusha mwenyewe ni lako." Akavua miwani. "Kwani hukuniletea siku ile uliyoipata?"

Dakika kumi za jirani zingeniambia yote. Labda bado ningekata bima ndogo, kwa kuwa ile kubwa ilikuwa ghali na lori langu kuukuu. Lakini ningejua ni wapi nimesimama peke yangu, na Bi Mwanaidi nisingempandisha juu ya zile nazi.

Nikaenda kwa Mzee Nassor. Nilitaraji anifokee. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema, "Nilikuuliza."

"Ndiyo, mzee."

"Lori kupinduka si ajabu. Hata langu limewahi kupinduka, na ulikuwepo. Wewe ulinidanganya mimi, hilo ni dogo. Ulijidanganya wewe, na aliyeumia ni mwanamke wa watu."

Baadaye akasema nirudi kazini kwake Jumamosi.

Lori niliuza vipande vipande, injini kwa huyu, tairi kwa yule, na fedha nikazipeleka kwa ndugu zake Bi Mwanaidi kwa ajili ya matibabu. Alirudi kisiwani baada ya miezi mitano, anatembea kwa fimbo. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani. Akanikaribisha kwenye mkeka, akanisikiliza, akasema, "Kupanda nilipanda mwenyewe, mwanangu. Ila mwenye gari ndiye anayesema panda. Mimi nilijua wewe unajua." Halafu akamwita mjukuu wake, yule aliyezaliwa wiki ile, nimwone.

Nimesamehewa, mwanangu, lakini hayo ya mwisho hayajaniachia. "Nilijua wewe unajua."

Ilinichukua miaka sita kununua lori la pili. Safari hii nilitenga kwanza fedha za bima ya mwaka mzima, na za matengenezo, ndipo nikatafuta gari la kulingana na kilichobaki. Nikamwomba Mwalimu Agripina tuandike maswali kwenye daftari, nikampelekea wakala: gari likiungua? Likiibiwa? Mzigo wa mtu ukilowa? Dereva wangu akiumia? Fungu gani nitalipa mwenyewe kabla yenu? Wakala alichoka nami. Nikakata bima kubwa, na ya mizigo, kwa kuwa wenye hoteli hawakunipa saruji yao niibebe bila hiyo. Ada iliniuma. Nikapandisha bei ya safari kidogo, wateja wengine wakahama, wengine wakarudi.

Juu ya mzigo sikumpandisha mtu tena. Niliitwa mchoyo, na shemeji yangu mmoja aliacha kunisalimia mwezi mzima. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Breki ziliwahi kunikatikia pale Kilindoni nikaingia ukuta wa duka. Hakuumia mtu. Bima walilipa ukuta na walilipa gari, baada ya barua na safari nyingi, na fungu langu wakalikata. Bima si sadaka, wala si hirizi. Ni ahadi iliyoandikwa, na iliyoandikwa ndiyo utakayolipwa.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Kabla ya kuuliza bei, uliza inalipa nini na hailipi nini. Usinunue gari kwa fedha yako yote. Gari lisilo na akiba nyuma yake, siku likiharibika ni la yeyote mwenye spea. Usitie sahihi kwenye usichokielewa, na usione haya kumgongea mtu mlango akusomee. Kuuliza si ujinga. Ukikata bima ndogo kwa sababu ya uwezo, kata ukijua, kisha uendeshe kama mtu anayejua. Na mtu akikuomba nafasi, kumbuka kwamba akishapanda ameuacha uhai wake kwenye akili yako.

Ilete hiyo karatasi tuipitie pamoja kabla hujatia sahihi. Mungu akupe riziki ya halali na wateja waaminifu, akutie subira kwenye ada na ujasiri wa kusema sijui. Kila utakayemchukua, umfikishe.