Chumvi Juu ya Kipara

Esnah hakuwa mtu wa kusamehe upesi, na hakujisingizia kuwa yeye ni mpole. Alizaliwa upande wa Nyamira, akaolewa na Obure, mchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Walipochoka kulala kwenye nyumba za kampuni walinunua kipande cha shamba mbele kidogo ya Silibwet, chini ya kilima ambacho watu hukiita Kipara kwa sababu kileleni ni jiwe tupu. Hapo wakapanda chai yao, wakafuga ng'ombe mmoja, wakamlea binti yao Janefer. Hapo pia Obure alikufa, akazikwa kando ya chai. Mjane aliyetoka mbali anajua kazi ya kaburi la mume. Likiwepo, hakuna wa kumwambia arudi kwao.

Kisha akaja Gibson. Alinunua mteremko wote wa juu, akapiga mahema, akatundika bembea, akafunga kamba miambani ili wageni wa Nairobi waweze kupanda Kipara na kujisifu. Maji yaliyoshuka kutoka kwenye jiwe yalimloweshea mahema, basi akachimba mfereji wa kuyapeleka kando. Kando yenyewe ilikuwa kwa Esnah. Msimu mmoja tu wa mvua, kaburi la Obure lililiwa ubavu mmoja na msalaba wa saruji ukainama.

Esnah alimshtaki kwa mzee wa mtaa. Mzee alikuja wakati wa kiangazi, mfereji umekauka kau. Gibson alitembea naye mpaka kwenye mikaratusi iliyoko kati ya mashamba hayo mawili, akatabasamu na kusema, "Mama Janefer, maji yangu inaishia hapa kwa miti. Haijawahi kufika kwako." Mzee akatikisa kichwa kukubali, kesi ikaisha. Kesho yake Gibson alimtumia Esnah pakiti ya sukari, eti pole. Sukari ile Esnah aliwamwagia siafu.

Tangu siku hiyo alimtafutia Gibson dawa yake, na dawa ikatoka kwa Gibson mwenyewe. Kipara kina mwanya upande usiopata jua. Mvua ya mawe ikinyesha hujaa humo na kukaa hata siku mbili, nyeupe pe. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayochana majani ya chai ya watu wote mpaka vikapu vinakaa bure. Lakini Gibson aligundua kwamba wageni wanaweza kupanda kuishika na kupigwa picha, akaipa jina la theluji. Watu wakilia mashambani, yeye alikuwa kwenye simu akiwaita wateja.

Ijumaa moja alasiri mvua ya mawe ilishuka kama iliyotumwa. Esnah alisimama mlangoni akitazama chai yake ikipukutika, na kwa mara ya kwanza hakusikitika. Aliwahi kuona mawe ya mvua yakiangukia beseni la chumvi ya ng'ombe. Yaliyeyuka papo hapo, huku yaliyo nyasini yakibaki mazima. Jumamosi kulipopambazuka alifunga gunia la chumvi mgongoni kama mtoto, akapanda Kipara kwa upande wa nyuma ambako Gibson hakuweka kamba. Jiwe lilikuwa linateleza. Alipanda kwa viganja na magoti, akipumua kwa shida, na kila alipotaka kurudi alikumbuka ile sukari.

Alimwaga chumvi yote mwanyani. Weupe ukaanza kulia kwa sauti ndogo, ukalegea, maji yakaanza kushuka. Esnah alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Alirudi nyumbani, akapika chai, akaketi kusubiri wageni washuke wakidai haki yao.

Kitu alichosahau ni kwamba maji yana mwisho wake. Gibson alifuga ng'ombe pia, na asubuhi hiyo walikuwa wakila nyasi chini ya jiwe. Walipokunywa mferejini na kuonja chumvi, hakuna mchungaji ambaye angewazuia. Walifuata mfereji wakilamba kila jiwe, wakapita katikati ya mahema, wakaangusha meza ya wageni, wakavuka mikaratusi, na kundi zima likamiminika kwa Esnah, pale pale mfereji unapomwaga. Mmoja alikuwa akilamba msalaba wa Obure.

Esnah alishika fimbo, akakimbia, akaiinua. Hapo akasikia kelele kwenye mikaratusi. Gibson alikuwa anakuja na wachungaji wake, na nyuma yao wageni wenye hasira pamoja na mzee wa mtaa, aliyealikwa kula nyama siku hiyo. Esnah alielewa yote mara moja. Akiwafukuza sasa, Gibson angesema wamefuata nyasi za Esnah tu, si maji ya mfereji. Asipowafukuza, kila kwato ilikuwa inazama juu ya kifua cha Obure.

Aliishusha fimbo.

"Vumilia kidogo, Baba Janefer," alisema kwa sauti ya chini.

Mzee alifika, akatazama ng'ombe, akatazama mfereji ulikotoka. Aliinama, akachovya kidole katika maji, akaonja. Kisha akamgeukia Gibson na kumuuliza maji haya yametoka wapi. Gibson alitazama kaburi kama mtu anayeliona mara ya kwanza.

"Mama, tafadhali, fukuza hiyo ng'ombe," alisema.

"Hiyo ng'ombe ni yako," Esnah akamjibu. "Imefuata maji yako. Ngoja ishibe."

Wakasimama wote wakingoja, na ng'ombe hawakuwa na haraka.

Mfereji ulizibwa wiki ile. Siku hizi maji ya Kipara yanapita katikati ya mahema, wageni wamepungua, na Esnah akienda kanisani huzunguka makusudi ili apite hapo aone matope. Hajajuta, na ukimuuliza atakuambia hivyo.

Ila Krismasi Janefer alikuja na maua, akauliza ayaweke wapi. Ardhi ilikuwa imekanyagwa ikawa sawa, na msalaba ulikuwa vipande. Esnah alisogea huku, akasogea kule, akapima kwa macho kutoka kwenye chai. Mwishoni alionyesha mahali kwa kidole, akatazama pembeni, kwa sababu hakuwa na hakika.