Mpanda Baiskeli wa Nyuma

Tulikuwa watu watatu wenye baiskeli. Kila Jumapili asubuhi, mvua isipokuwa kubwa, tulitoka Queensbury, hapa Landani, tukapita Rayners Lane mpaka kwenye njia ya kando ya mfereji, tukapumzika, tukala, tukarudi. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa asubuhi zile. Wiki nzima nilikuwa nikifagia mabasi gereji, na kifua changu kilikuwa kimezoea moshi wa dizeli hata kikadhani hakuna hewa nyingine. Juu ya baiskeli kilikumbuka.

Mwenzangu mmoja alikuwa muuguzi wa hospitali, mtu wa Unguja kama mimi, mwembamba, mwenye wasiwasi na kila kitu: breki, mbwa, barua za nyumbani. Wa pili alikuwa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni ya Rayners Lane, Mhindu aliyezaliwa Dar es Salaam na kukulia Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Keria ya baiskeli yake haikukosa chupa ya chai na bajia za dengu zilizofungwa kwenye gazeti. Aliniita Maalim, kwa kuwa Jumamosi niliwasomesha watoto msahafu sebuleni kwangu.

Wa nne alitujia Ijumaa moja baada ya sala. Alivaa koti la kijivu na viatu vilivyong'aa. Alinipa mkono akasema, "Nimesikia mnapanda baiskeli Jumapili. Ninayo moja, nikiruhusiwa."

Nilimruhusu, maana sikupata sababu ya kukataa. Jioni ile muuguzi alinijia chumbani.

"Kasikia kwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Basi ungemuuliza."

Miaka ile, baada ya Mapinduzi, kila mmoja wetu aliyetoka alikuwa ameacha mtu nyuma. Neno lililosemwa kwenye meza ya chai Landani liliweza kufika Unguja kabla ya barua, na aliyelipa alikuwa yule aliyebaki. Kwa hiyo tulipimana. Mtu mpya aliulizwa ametokaje, na jibu lake lilichunguzwa kama nguo ya mtumba. Huyu tulipomuuliza alisema, "Kwa ndege," basi. Kwa ndege, na sanduku, na ruhusa mkononi. Nani alikuwa akipewa ruhusa siku zile?

Mimi nilikuwa nimemwacha mdogo wangu wa kike. Mimi mwenyewe nilitoka bila karatasi, kwa njia ambayo hata leo siitaji, na Landani nilifika nikitumia jina la mtu mwingine. Yeye alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na kutoka huko aje kwangu. Kwenye fomu aliandika kwamba hana ndugu yeyote nje ya nchi. Shangazi aliniandikia kwamba ofisa anayeshika karatasi zile ni mgeni wa mtaa wetu, hajui nani ni ndugu wa nani, na kwamba Mungu akipenda itapita. Mwaka wa pili ulikuwa unaanza na karatasi haijatoka. Kilichokuwa kikiniunganisha na mdogo wangu ni jina moja tu, la marehemu baba yetu. Lingetajwa mahali pasipostahili, likawekwa kando ya fomu ile, basi mambo yake yangekwisha.

Mgeni yule alipanda vizuri, lakini hakupanda nasi. Alikaa nyuma, hatua ishirini au thelathini. Tukipunguza mwendo, naye alipunguza. Siku moja niligeuka kwenye kilima cha Harrow nikaona midomo yake inatikisika.

"Anahifadhi mazungumzo yetu," muuguzi akasema kwa sauti ya chini.

"Mazungumzo gani?" Mhindi akauliza. "Tangu asubuhi unazungumza habari za bawasiri za wagonjwa wako. Ayahifadhi, yamsaidie."

Hatukucheka sana. Kila tuliposimama, mgeni alitoa kijidaftari cheusi kwenye mfuko wa koti, akaandika kitu kifupi kwa penseli, akakirudisha. Kisha alikuja kula bajia na sisi, mpole, akimshukuru Mhindi kwa kila moja aliyoipokea.

Jumapili ya tano au ya sita tulikuwa tumekaa kwenye gogo kando ya mfereji. Muuguzi alikuwa amepata pancha, na Mhindi alikuwa akilitafuta tundu kwa kuuzamisha mpira majini. Mgeni aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:

"Wazee wako wapo, kaka?"

"Wametangulia."

"Mungu awarehemu. Baba alikuwa akiitwa nani?"

Mhindi aliinua kichwa. Nikalitaja jina la kwanza lililonijia, na kwa kuwa mbele yangu palikuwa na baiskeli iliyopinduliwa, lililonijia lilikuwa la fundi wetu wa baiskeli wa Darajani, kule Unguja, mtu mwenye mikono mieusi na ulimi mchafu kuliko mikono. Mgeni alinitazama kidogo. Akatoa kijidaftari, akaandika. Muuguzi naye alikuwa ameshaulizwa Ijumaa ile ya kwanza, kabla hajaanza kuogopa, na alikuwa amelitaja jina la kweli la baba yake.

Tuliporudi, Mhindi alinisogelea barabarani, gurudumu kwa gurudumu.

"Maalim, mimi hajaniuliza."

"Hajakuuliza nini?"

"Jina la baba. Ninyi wawili kawauliza. Mimi wiki sita anakula bajia zangu, hajaniuliza hata babu. Huyu anawataka Waunguja tu."

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Baada ya kila sala nilimwombea mdogo wangu, na katika dua ileile nilijikuta nikimshitaki mtu ambaye sina hakika na kosa lake. Mwalimu aliyenisomesha utotoni alituonya sana juu ya dhana mbaya, na juu ya kupekua mambo ya watu. Nililijua fundisho hilo. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa wenzangu.

Hata hivyo nilipekua. Jumapili iliyofuata adhuhuri ilitukuta mferejini, na mgeni akashuka ukingoni kutawadha, koti lake likining'inia kwenye usukani. Muuguzi alinitazama, akalitazama koti. Nikaingiza mkono.

Yalikuwa majina, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri. Saba au nane. La baba yake muuguzi lilikuwamo. Mbele ya kila jina palikuwa na vijistari vya kuhesabia, vimefungwa tano tano. Jina la fundi wa baiskeli lilikuwa la mwisho, na kando yake palikuwa na nyota ndogo. Hakuna jina jingine lililokuwa na nyota.

Nilikirudisha kijidaftari. Tukasali, na yeye alikuwa nyuma yangu, kwa kuwa walinitanguliza mimi. Sijui hata leo sala ile Mungu aliipokea vipi.

"Orodha," nilimwambia muuguzi baadaye. "Na mimi nimewekewa alama."

Tulikubaliana kumwondoa bila ugomvi. Muuguzi alimwambia kwamba baiskeli zetu zimeharibika, yake mnyororo, yangu ekseli, na kwamba kwa sasa tumesimamisha. Mgeni alisema, "Mungu azifanyie wepesi." Sisi tukabadilisha saa na njia. Tulitoka mara tu baada ya alfajiri tukaelekea misitu ya Ruislip, mahali ambapo tope lilitufika magotini na Mhindi akalalamika njia nzima kwamba anafukuzwa na mtu asiyemuuliza hata jina la baba yake.

Wiki ya tatu tulikutana naye. Alikuwa peke yake, anakuja upande wa pili wa barabara, polepole, midomo ikitikisika. Alituona wote watatu juu ya baiskeli zetu nzima. Alinyanyua mkono kwa salamu.

"Zimepona," akasema, akapita.

Mhindi aligeuka mara mbili kumtazama akienda. Kisha akasema, "Mpelelezi angetufuata." Muuguzi akamjibu kwamba mpelelezi mjinga ndiye afuataye.

Baridi ilipoanza, karatasi ya simu ya upepo ilimfikia muuguzi kwamba mama yake amefariki Unguja. Alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Tulifanya hitima chumbani kwake Queensbury, watu kumi na mbili tumebanana juu ya busati, hita ya mafuta ya taa ikinuka katikati. Mhindi alikuja na sinia ya kaimati, akavua viatu, akakaa karibu na mlango. Hitima haina mwaliko, na hakuna anayefukuzwa, kwa hiyo mgeni alipoingia akakaa kando ya Mhindi, tulimjibu salamu tukaendelea kusoma. Muuguzi alikuwa na machozi, lakini nilimwona anamtazama.

Tulipomaliza kisomo, mzee aliyeongoza dua aliuliza kama kuna marehemu wengine wa kutajwa. Mgeni akaingiza mkono kwenye koti. Kijidaftari kikatoka. Chumba kizima mimi sikukiona tena, nilikiona hicho tu.

Alimtaja kwanza mama yake muuguzi, jina alilolisikia siku hiyohiyo. Akamtaja baba yake muuguzi. Akataja wengine. Alipofika mwisho wa ukurasa alifunga kijidaftari.

"Na baba yake Maalim," akasema, "Mungu anamjua kwa jina."

Dua ikasomwa. Nilinyanyua mikono pamoja na wengine.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi za mlango, anafungua kufuli ya baiskeli yake. Mhindi alinifuata, sinia tupu kwapani.

"Nilikupa jina," nikamwambia. "Kwa nini hukulitaja?"

"La fundi wa Darajani?" Aliinama akabonyeza tairi. "Yule nilimwacha mzima. Siku niliyoondoka alikuwa anamtukana mtu kwa kumletea rimu iliyopinda."

"Ulijua siku ileile?"

"Kaka, mji ule nani hajazibiwa pancha na yule?"

Nikauliza kabla sijafikiri. "Na ile nyota?"

Alisimama wima. Sasa alijua kwamba nilifungua koti lake, na mimi nilijua kwamba amejua.

"Nyota ni ya jina nisilolijua," akasema. "Namsomea hivyohivyo."

Ndipo akanieleza, kwa maneno machache. Watu wake walizikwa yeye hayupo, akaona na wetu watakuwa hivyohivyo, wako makaburini na waliokuwa wawasomee wanafagia mabasi. Sura alizokuwa amezihifadhi alizisoma juu ya baiskeli. Nyuma yetu palikuwa na utulivu, na kutoka Rayners Lane mpaka mferejini aliweza kumaliza kisomo cha watu watatu. Kila tuliposimama alipiga kistari kwa aliyemsomea.

"Ungetuambia," nikasema.

"Ningekwambia leo, kesho ungenishukuru, keshokutwa ningeanza kuzipenda shukrani zako. Ningekuwa nasoma kwa ajili yako, si kwa ajili yake."

Mhindi alikohoa. "Na baba yangu mimi?"

"Nilidhani utakasirika, bwana. Dini yenu nyingine."

"Ungeuliza. Mimi bajia si nilikuuliza kama unakula pilipili?"

Tulicheka, na katika kicheko kile jina la baba yangu lilinifika ulimini. Nilitaka kulitoa. Alistahili, maana alikuwa amesomewa mle ndani kama mtu asiye na mwenyewe. Lakini karatasi ya mdogo wangu ilikuwa haijatoka. Na sauti nyingine ndani yangu ilisema kwamba mpelelezi mwenye akili angeyasema maneno hayo hayo, kwenye ngazi hizo hizo, na angejua habari za fundi wa Darajani vilevile. Nilifumba mdomo. Aliniona nikifumba.

"Usiniambie," akasema. "Niambie siku utakapokuwa huna la kuogopa."

Jumapili iliyofuata tulipanda wanne. Muuguzi alikubali kwa shingo upande. Mgeni alikaa nyuma kama kawaida, na mimi niligeuka mara nyingi kuliko zamani. Sikujua tena naangalia nini. Miezi mitano nilipanda hivyo, naye hakuniuliza tena, na kila barua ya shangazi niliifungua kwa bismillahi.

Karatasi ikatoka. Mdogo wangu alifika Dar es Salaam, akakaa kwa jamaa wiki mbili, akaja. Nilimpokea uwanja wa ndege, amevaa miwani asiyoihitaji, kwa ajili ya yale macho ya kwenye fomu. Alhamdulillahi, nilisema, nikampokea mzigo wake. Usiku huo nilimuuliza habari za mji, na katika habari hizo nikamuuliza fundi wa baiskeli.

"Yupo," akasema. "Anatukana kama zamani. Kwa nini?"

Asubuhi yake nilipanda baiskeli peke yangu mpaka kwa mgeni. Alifungua mlango akiwa na kikombe cha chai. Nilisimama mvuani nikalitaja jina la baba yangu, lake na la baba yake na la babu yake, kama lilivyotajwa siku alipozikwa.

Alikwenda kuleta kijidaftari, akaandika palepale mlangoni, akaifuta nyota kwa kifutio cha penseli. Nikamwambia amfute na fundi.

"Tumwache," akasema. "Yule anaihitaji dua kuliko wengine wote."

Muuguzi hakumwamini mpaka alipohamia mji mwingine, na alipohama bado alikuwa akiuliza ruhusa ile ya ndege aliipata wapi. Mimi sikumuuliza mgeni kamwe. Yeye naye hakuniuliza lini nilifungua koti lake.