Ekseli ya Lori Kwenye Gari la Baba

Baba alikuwa na gari la spoti la viti viwili, la zamani kuliko mimi, alilouziwa na mlowezi mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Gari la kushindana na upepo. Yeye alilitumia kubebea mchele. Kila alipotoka Mbeya kwa dada yake alikata kuingia Rujewa, akapakia gunia kwenye kiti cha abiria, akaja nalo hadi kwetu Kihesa, Iringa, kana kwamba ameleta mgeni. Ndiyo maana ekseli za nyuma zilimkatikia mara kwa mara: mlio mmoja kama risasi, kisha injini inanguruma na gari haliendi. Mama alisema huyu mwanaume angepewa hata ndege, angeipakia mchele.

Mara ya mwisho ekseli ilikatika njiani, Igawa, na baba hakuitengeneza tena, kwa sababu moyo wake nao ulikuwa umeanza kuchoka. Gari likakaa chini ya bati, kuku wakataga kwenye viti. Siku moja akaniita. "Mama," ndivyo alivyoniita mimi bintiye, "nipeleke kwetu nikamwone dada. Ila si kwa basi."

Nilijua anaaga. Nililia jikoni, kisha nikatafuta fundi.

Fundi alikataa kuweka ekseli ya aina ileile. Alisema itakatika palepale ilipokatika ya kwanza. Akaokota ekseli ya lori bovu, chuma kilichozoea kubeba mbao za Mafinga, akaipeleka kwa mchonga vyuma ipunguzwe mpaka iingie kwenye kigari chetu. Beringi na habu za kushikia magurudumu akatoa za pikapu, kubwa zaidi. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Kila nikifika gereji nalikuta gari juu ya mawe, nami nagombana na fundi, na mchonga vyuma, hata na muuza chai. Niliogopa baba atafariki gari likiwa juu ya mawe yale.

Siku ya kulishusha, baba alikuwepo, amekaa juu ya tairi, koti hadi shingoni.

"Dada, hii haikatiki tena," fundi aliniambia. "Ila ujue, ukiimarisha hapa, mzigo unahamia kwenye difu, yale meno ya katikati yanayozungusha ekseli. Usikanyage mafuta kwa hasira."

"Hata dawa zangu ziko hivyohivyo," baba alisema. "Moyo unatulia, figo zinaanza kulalamika."

Alitaka kuendesha mwenyewe, miguu ikakataa. Nikaendesha mimi, yeye kwenye kiti kile cha gunia, na njia nzima masikio yangu yalikuwa nyuma. Makambako upepo ulitupiga, hatukusimama. Tulipofika njia ya Rujewa akanigusa mkono.

"Kata hapa, tuchukue gunia."

"Baba, tutaliweka wapi? Kiti umekikalia wewe."

"Basi nishushe, mimi nitapanda basi. Nataka nijue kama hiyo ekseli inabeba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikapitiliza, naye akaangalia mashamba ya mpunga mpaka yakaisha.

Shangazi alimpokea kwa vilio na vicheko, na kwa siku chache baba alikula vizuri kuliko alivyokula mwaka mzima. Kisha akafariki, na tukamzika kwao kama alivyotaka.

Wakati wa kurudi Iringa nilimfungulia mlango wa gari mama, aliyekuja mazikoni kwa basi na majirani. Akakiangalia kile kiti, akarudi nyuma.

"Hapo sikai, mwanangu. Mimi nitapanda basi na wenzangu. Wewe pita Rujewa uchukue mchele. Watu watakuja kutupa pole nyumbani, tutawalisha nini?"

Vijana wa mashine ya kukoboa walilizunguka gari wakicheka. "Dada, hiki kitavunjika. Gunia linataka pikapu."

"Pakieni," niliwaambia, kwa ukali ambao hawakustahili.

Gunia likakaa wima kwenye kiti. Nikalifunga mkanda. Barabara ilipoanza kupanda nikakanyaga mafuta taratibu, nikisubiri ule mlio. Nyuma palikuwa kimya. Nikapanda hadi juu, machozi yakinizuia kuona vizuri, nikasema kwa sauti humo ndani:

"Inabeba, baba."